Nyota za sudo na hofu ya urefu wa nywila

Mtu anayeanza kutumia Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, hukutana na jambo hili mapema, mara nyingi siku ileile ya kwanza. Amefuata maelekezo, ameandika amri sudo apt update (sudo ni programu inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine), na kompyuta imemjibu kwa kumwomba nywila: "password for asha:". Anaanza kuandika. Hakuna kinachoonekana. Hakuna herufi, hakuna nukta, hakuna nyota. Kile kimstari kinachowaka na kuzima kimebaki palepale kilipokuwa. Anabonyeza kwa nguvu zaidi. Anadhani kibodi imekufa, au mashine imeganda. Wengine hufunga dirisha na kuanza upya, na huko nako wanakutana na ukimya uleule. Mzoefu akiwa karibu atamwambia: "Wewe andika tu, kisha bonyeza Enter. Inapokea, ila haionyeshi."

Dawa ya hali hii ipo, tena ni ndogo. Kwenye mipangilio ya sudo unaongeza mstari mmoja, Defaults pwfeedback, na kuanzia hapo kila herufi unayoandika inaonekana kama nyota kwenye skrini. Uwezo huo uliingia kwenye sudo mwaka 2009, katika toleo la 1.7.1, lakini ukaachwa umezimwa. Linux Mint na elementary OS, mbili kati ya aina nyingi za Linux, ziliamua kuuwasha kwa watumiaji wao wote. Aina nyingine, kama Debian, Fedora na Ubuntu, kwa miaka mingi zilibaki na ukimya. Kila pendekezo la kuwasha nyota linapotolewa, ubishi unakuwa mkali kuliko ukubwa wa jambo lenyewe, na jibu la walinzi wa ukimya huwa lilelile: nyota zinafichua urefu wa nywila, na usalama hauuzwi kwa raha ya wanaoanza.

Naliheshimu jibu hilo. Wanaolitoa mara nyingi ndio wanaoamshwa usiku seva ikivamiwa. Lakini limerudiwa mno, hadi watu wanalipokea bila kulipima, na anayeumia ni yule mgeni aliyeachwa mbele ya skrini tupu akidhani kosa ni lake.

Nianze na haki yao. Mwongozo wenyewe wa sudo unakiri mambo yote mawili mahali pamoja: kwamba baadhi ya watumiaji huchanganyikiwa wakidhani programu imekwama, na kwamba kuonyesha nyota kuna athari ya kiusalama, kwa kuwa anayetazama anaweza kujua nywila ina herufi ngapi. Huo si uzushi. Ukiwa ofisini na mwenzako kasimama nyuma yako, au unafundisha darasa zima huku skrini yako imeangazwa ukutani kwa projekta, nyota kumi zitahesabika kuwa kumi. Kipindi kikirekodiwa, video nayo inabaki, na mtu anaweza kuirudia polepole kadiri apendavyo.

Tena ukimya huu una asili yenye mantiki kamili. Watu wa maabara ya Bell Labs walioanzisha Unix, mfumo ulioitangulia Linux, walifanya kazi kwenye teletaipu kama Model 33, mashine zisizo na skrini: kila kilichoandikwa kilichapwa kwenye karatasi. Herufi ilikwenda kwanza kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyoirudisha ichapwe. Kuficha nywila kulikuwa kuiambia kompyuta isirudishe kitu. Nyota katika mazingira yale zingekuwa balaa, kwa sababu zingebaki kwenye karatasi, karatasi ingetupwa, na yeyote angeweza kuiokota. Kwa mashine zilizochapa zenyewe bila kusubiri kompyuta, ilitumika njia nyingine: mfumo ulichapa kwanza alama kadhaa moja juu ya nyingine hadi pakawa doa jeusi, kisha mtumiaji akaandika nywila yake juu ya doa hilo. Bob Coggeshall na Cliff Spencer walipoandika sudo karibu mwaka 1980 katika chuo kikuu cha SUNY huko Buffalo, Marekani, waliikuta desturi hiyo imeshakomaa katika programu zote za Unix, na sudo ikaifuata.

Skrini ya kioo haina tabia ya karatasi. Walioandika nyota za sudo walilijua hilo: ukibonyeza Enter, programu inarudi nyuma na kuzifuta zote, moja baada ya nyingine, ikiacha nafasi tupu. Ukipandisha skrini kuangalia ulichofanya muda mfupi uliopita, hukuti hata moja. Kwa hiyo kinachobishaniwa ni zile sekunde chache za kuandika, na mtu aliyepo wakati huo huo akitazama.

Je, mtu huyo amepata nini? Hapa ndipo hoja ya urefu inapotajwa sana na kupigiwa hesabu mara chache.

Kibodi ya kawaida inatoa alama 94 ukiacha nafasi tupu. Nywila zinazowezekana za alama nane ni 94 ikizidishwa kwa yenyewe hadi zitimie nane, yaani takriban trilioni 6,096. Mshambuliaji asiyejua urefu ataanza na alama moja, kisha mbili, tatu, hadi saba, ndipo afike nane. Hizo fupi zote ukizijumlisha ni kama trilioni 65.5 tu. Kwa maneno mengine, kazi yote anayookolewa na nyota zako ni karibu asilimia 1.1 ya kazi nzima. Kama mashine yake ilihitaji siku 100 kumaliza kila kitu hadi alama nane, ukimtajia urefu unampunguzia siku moja na saa chache. Zinabaki siku 98 na ushei. Fanya nywila yako iwe ya alama kumi na mbili au ishirini, uwiano ni uleule, kwa sababu kila alama inayoongezeka inazifanya zote zilizotangulia kuwa sehemu ndogo ya hesabu. Ukitumia herufi ndogo 26 peke yake, kipunguzo kinakuwa karibu asilimia 4. Ukitumia tarakimu tupu, ni asilimia 10.

Mlinzi wa ukimya anayejua kazi yake atanijibu kwamba hakuna mshambuliaji mwenye akili anayefanya hivyo. Yeye anachukua orodha ya nywila zilizovuja, anaongeza majina ya watu, timu za mpira na miaka ya kuzaliwa, na kujua urefu kunamruhusu kutupa sehemu kubwa ya orodha kabla hajaanza. Jibu hilo ni la haki. Tuseme orodha yake imegawanyika sawasawa katika urefu wa aina kumi. Akijua urefu anabaki na sehemu moja ya kumi. Huo ni msaada wa kweli, mkubwa kuliko ile asilimia moja. Lakini upime kwa mizani hiyohiyo: ukiongeza alama moja tu ya kubahatisha kwenye nywila yako, unazidisha kazi yake mara 94. Nyota zilimpunguzia mara kumi, alama moja ikamrudishia mara 94. Kama kinga hii ndogo ya kuficha urefu inaweza kufidiwa na zaidi kwa kubonyeza kitufe kimoja, basi haistahili kuitwa ngome.

Kuna kipande kimoja cha hoja hii ambacho sikiondoi mezani. Nyota hazimsaidii mwizi kuvunja nywila imara, ila zinamwonyesha nani wa kuanza naye. Katika chumba cha watu thelathini, anayeandika nyota tano amejitangaza. Hilo ni kweli, na linaumiza hasa mahali ambapo watu wengi wanashiriki mashine, kama maabara za vyuo. Sioni hata hivyo kwamba tiba yake ni kumficha mwenye nywila ya alama tano. Mwenzake aliye karibu anasikia vitufe vikigonga mara tano, na akitaka anaviona vidole vyenyewe, ambavyo vinafichua mengi kuliko nyota.

Halafu hizo nywila zilizobaki atazijaribia wapi? Akiwa kwenye kibodi yako, sudo kwa kawaida inampa nafasi tatu kila anapoiita, na kila akikosea mfumo unamchelewesha sekunde kama mbili. Kwa mwendo huo orodha ya maelfu ni kazi ya mchana kutwa mbele ya macho ya watu. Ili ajaribu mabilioni kwa haraka anahitaji nywila yako iliyofumbwa, na hiyo imehifadhiwa kwenye faili la /etc/shadow, ambalo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kulisoma. Anayeweza kulisoma kwa kawaida ameshapata mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na mwenye mamlaka ya root hana haja ya nywila ya sudo. Inabaki njia ya tatu, kwamba unatumia nywila ileile kwenye huduma nyingine iliyovuja. Kwa anayefanya hivyo urefu ni tatizo dogo kabisa kati ya matatizo aliyonayo.

Watumiaji wa Afrika Mashariki wanaijua hali hii vizuri kuliko wanavyodhani. Ukiingia kwenye pesa za simu kwa kupiga *150*00# au *150*60#, menyu inakuomba namba ya siri, na kwenye simu nyingi tarakimu zinaonekana wazi unapoziandika, kwa kuwa teknolojia ya USSD haina namna ya kuzifunika. Ndiyo maana watu mbele ya wakala huigeuza simu kifuani. Urefu wa namba hiyo unajulikana na kila mtu, tarakimu nne, uwezekano 10,000 tu. Kinachoilinda ni laini yako kuwa mkononi mwako na akaunti kufungwa ukikosea mara chache. Hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba usalama wa pesa zetu utegemee mwizi kutojua kama namba ina tarakimu nne au tano.

Hata kwenye kompyuta ileile ukimya haudumu. Asha akiwasha mashine yake asubuhi, ukurasa wa kuingilia wa GNOME, mazingira ya madirisha ya Linux, unamwonyesha nukta moja kwa kila herufi ya nywila yake. Akitaka kuongeza printa, dirisha la kuomba idhini linamwonyesha nukta tena. Ni nywila ileile, skrini ileile, na huenda mtu yuleyule ameketi nyuma yake. Akifika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ghafla urefu unakuwa siri ya kulindwa. Sijawahi kuona maelezo yanayoridhisha ya kwa nini mchunguliaji wa saa mbili asubuhi hana hatari, na wa saa nne ana hatari.

Upande wa pili wa mizani ni gharama ya ukimya wenyewe, na hii ndiyo inayosahaulika kwa sababu haionekani kama suala la usalama. Wanaosimamia seva kutoka Dar es Salaam au Bujumbura mara nyingi wanashika mashine iliyoko Ulaya. Mtandao ukisuasua, herufi inachukua muda kwenda na kurudi. Ukikatika, skrini inasimama vilevile kama inavyosimama sudo inapongoja nywila. Huna alama yoyote ya kutofautisha "naandika na inapokea" na "mawasiliano yamekatika". Mwenye nyota anasubiri ya kwanza itokee ndipo aendelee. Asiye nazo amezoea kuandika nywila nzima kwa imani, akabonyeza Enter. Kama kumbe sudo ilishaacha kuuliza, au haikuuliza kabisa kwa sababu bado inamkumbuka, nywila yake inaingia kwenye mstari wa amri wazi kama ilivyo, ganda la amri, yaani programu inayopokea amri, linajibu kwamba halijui amri ya jina hilo, na bash, ganda linalotumika sana, inaitunza kwenye faili la .bash_history, herufi zote, kwa mpangilio, hadi mtu aifute. Linganisha madhara: nyota zingemwonyesha jirani urefu kwa sekunde tatu, ukimya umeiandika nywila kamili kwenye diski.

Jambo hilohilo hutokea kwenye dirisha lisilo lake. Aliyezoeshwa kutoona kitu hana sababu ya kutazama, kwa hiyo anaandika huku macho yake yako kwenye karatasi au kwa mtu anayezungumza naye, na dirisha lililo mbele likiwa la mazungumzo ya kikundi, nywila inatumwa kwa kikundi. Nyota zinalipa jicho sababu ya kuwa pale.

Kuna mambo madogo zaidi ambayo kwa pamoja hayawi madogo. Kibodi za kompyuta mpakato zilizotumika miaka mingi, zenye kitufe kinachorudia herufi mara mbili. Mtu anayebandika nywila ndefu kutoka kwenye programu ya kutunza nywila na asijue kama imebandikwa au la. Aliyekosea katikati, asiyejua afute mara ngapi, akaamua kuanza upya. Kila kosa linachukua nafasi moja kati ya tatu, na mtu aliyechoka kukosea huishia kuchagua nywila fupi na rahisi kuandika gizani. Hiyo ndiyo athari ninayoiogopa kuliko zote. Ukimya unaowaadhibu wenye nywila ndefu unawasukuma kuelekea nyota tano, zile ambazo ukimya ulidai kuzificha. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa nywila wa mwaka 2017, ilikwenda mbali zaidi ya nyota: ilishauri mifumo impe mtumiaji uwezo wa kuiona nywila yenyewe wakati wa kuandika, ili aandike ndefu bila kukosea.

Na kuna ushahidi mmoja wa kitaalamu ambao nashangaa hautajwi zaidi. Mwaka 2001 Dawn Song, David Wagner na Xuqing Tian wa chuo kikuu cha Berkeley walichunguza SSH, njia iliyofumbwa ya kuingia kwenye seva za mbali. Ndani ya SSH kila kitufe unachobonyeza husafiri peke yake kama kifurushi, na seva hurudisha kingine ili herufi ionekane kwako. Anayesikiliza mtandao hawezi kusoma kilichomo, lakini anaona vifurushi vikienda na kurudi. Sudo, au ndugu yake su, inapoomba nywila na kunyamaza, vifurushi vinakwenda bila kurudi. Msikilizaji anajua papo hapo kwamba sasa inaandikwa nywila, na anaweza kuhesabu herufi zake. Ukimya uliokusudiwa kuficha urefu kwa aliye chumbani ulikuwa unamtangazia urefu huohuo aliye mtandaoni. Ilibidi waandishi wa OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, watengeneze majibu ya uongo ili kujaza pengo hilo, na katika toleo la 9.5, Oktoba 2023, wakaongeza namna ya kuvuruga mpangilio wa muda wa vitufe. Nyota zingerudisha kifurushi kwa kila herufi, kama maandishi mengine yoyote.

Mpaka hapa msomaji anaona nimeegemea wapi. Lakini ipo hoja moja dhidi ya nyota ambayo kwangu ni nzito kuliko zote, na si ile ya urefu.

Mwishoni mwa Januari 2020 lilitoka toleo la sudo 1.8.31, likiziba tundu lililopewa namba CVE-2019-18634 na kugunduliwa na Joe Vennix wa Apple. Tundu lilikuwa ndani ya nyota zenyewe. Unapoandika nywila unaweza kubonyeza Ctrl+U kufuta mstari wote uanze upya. Nyota zikiwa zimewashwa, sudo ilitakiwa kufanya mambo mawili: kuzifuta nyota kwenye skrini moja moja huku ikirudisha nyuma alama ya mahali ilipofikia kwenye kumbukumbu, na kuihesabu nafasi ya kumbukumbu kuwa tupu tena. Kama kuandika kwenye skrini kulishindikana, kwa mfano kwa sababu maandishi yalikuwa yanatoka kwenye bomba la programu nyingine, ile kazi ya kwanza iliachwa katikati, lakini ya pili ilifanyika. Sudo ikaamini ina nafasi kamili, kumbe kalamu yake bado iko mwishoni mwa ukurasa. Ukiendelea kuilisha maandishi, yanafurika nje ya sehemu iliyotengwa, na mshambuliaji hodari anaweza kuyatumia kupata mamlaka ya root. Hakuhitaji kuijua nywila. Hakuhitaji hata kuwa miongoni mwa walioruhusiwa kutumia sudo. Waliokuwa hatarini ni wale ambao nyota ziliwashwa kwao, wakiwemo watumiaji wa Linux Mint na elementary OS, ambao wengi wao hawakuziomba. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu 2009.

Hilo ni pigo kubwa, na anayetetea nyota akiliruka hatendi haki. Sudo si programu ya kawaida. Kila mstari wake unaendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine, na kila urahisi unaoongezwa humo ni mlango mpya unaohitaji kulindwa. Kama mwaka 2009 ningeulizwa kama kuchora nyota ni sababu ya kutosha kuongeza msimbo wa kuhesabu nafasi, kurudi nyuma na kufuta ndani ya programu kama hiyo, na jibu lingetolewa kwa kuijua kasoro hiyo, ningesita sana. Walinzi wa ukimya wangejenga hoja yao hapa, wangekuwa na kesi ngumu kuivunja. Wengi wao wanarudi kwenye urefu.

Ninachokisema baada ya kusita ni kwamba gharama hiyo imeshalipwa. Msimbo umo, umekaguliwa na macho mengi tangu hapo, na kuziacha nyota zimezimwa hakuuondoi. Tena ukimya nao ni msimbo, nao huharibika. Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025 ilianza kutumia sudo-rs, sudo iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust ili kuepuka hasa makosa ya kumbukumbu ya aina ile ya 2020. Mwezi uliofuata ikatangazwa kasoro yake: mtu akianza kuandika nywila, akaacha bila kubonyeza Enter hadi muda ukaisha, herufi alizokwisha kuandika zilijitokeza wazi kwenye skrini.

Upungufu mwingine wa nyota ni wa kawaida tu, ila unakera. Mpangilio huu unaihusu sudo peke yake. Asha akishazizoea nyota, siku atakapobadilisha nywila kwa passwd au kuingia seva kwa ssh atakutana na ukimya uleule, na safari hii atakuwa na sababu nzuri zaidi ya kuamini kwamba kuna kilichoharibika. Hapa wanaosema tufundishe watu desturi badala ya kuirembesha sehemu moja wana hoja. Ningependa kuona programu hizo nyingine zikifuata, kuliko sudo kurudi nyuma.

Wapo waliotafuta njia ya kati. i3lock, programu ya kufunga skrini, inaonyesha duara ambalo kipande chake kinawaka kila unapobonyeza kitufe: unajua umepokelewa, na hakuna cha kuhesabu baada ya hapo. Terminali ya Mac inaweka picha ya ufunguo mahali pa kuandikia, kukuambia kwamba unangojwa, ingawa haikuambii kama kitufe kimefika. Systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, inapoomba nywila ya kufungua diski wakati kompyuta inawaka, huonyesha nyota, na kando yake huandika kwamba ukibonyeza TAB zitazimika. Hiyo ya mwisho ndiyo naiona bora kuliko zote. Anayeona kuna jicho nyuma yake anazizima kwa kitufe kimoja, na mgeni anaonyeshwa kwamba anasikika bila kuomba. Sudo ingeweza kuazima adabu hiyo, na ubishi mwingi ungeishia hapo.

Kwa sudo tuliyonayo leo, ningeziwasha nyota kwenye kompyuta ya mtu binafsi, kwenye maabara ya kufundishia, na kwenye seva inayofikiwa kupitia mtandao wa kusuasua, mradi toleo lisiwe la kabla ya 1.8.31. Ningeziacha zimezimwa kwenye mashine ya mwalimu anayerekodi vipindi, na kwenye zile zinazoangazwa ukutani kila siku. Mpangilio wenyewe unaruhusu uteuzi huo: Defaults:asha pwfeedback humwashia Asha peke yake, na Defaults !pwfeedback huzima kwa wote. Uandike kwa kutumia visudo, si kwa kihariri cha kawaida, kwa sababu visudo hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi, na kosa moja kwenye faili la mipangilio ya sudo linaweza kukufungia nje ya sudo kabisa.